Hiki Si Kikao cha Mzee Kibor

Mjini Eldoret, ukisema unataka kuwakutanisha wanaume wazungumze, mtu ataanza kucheka kabla hujamaliza. Jina la kwanza kutajwa litakuwa la marehemu Mzee Jackson Kibor, mkulima tajiri wa Uasin Gishu aliyefariki Machi 2022. Wakenya walikuwa wamemtawaza mwenyekiti wa ule "mkutano wa wanaume" unaotaniwa kila tarehe 14 Februari, kwa kuwa talaka zake zilifuatiliwa nchi nzima kama mechi za ligi. Mzaha huo ni mtamu, na mzee mwenyewe aliufurahia. Ila umetuachia mji usiojua kikao cha wanaume isipokuwa cha chupa, cha siasa, au cha kumteta mwanamke.

Ninachokitetea hapa ni kitu kidogo. Ni wanaume wanane au kumi walioachana na mama za watoto wao, na ambao wamepoteza watoto hao au wako njiani kuwapoteza. Wanakutana kila wiki katika ukumbi wa kanisa, wa msikiti au darasani, wakiongozwa na mwenzao aliyekwisha kupita njia hiyo na kufundishwa namna ya kusikiliza. Hakuna mabango wala harambee ya kesi. Hoja za kukipinga nimezisikia kwa akina mama, kwa wakwe, na zile ngumu zaidi kwa wanaume wenyewe. Baadhi zina ukweli, nami sitauficha.

"Mwanamume hakai kikundini kusema shida zake."

Atakaa. Ushahidi hauhitaji kutafutwa mbali, maana umetoka papa hapa mjini. Katika kliniki za AMPATH, mpango unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vikuu vya ng'ambo, watafiti wakiongozwa na Rebecca Papas waliwafuata watu 614 wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wanaokunywa pombe kupita kiasi. Waliwagawa katika vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, wakaketi dakika 90 kila wiki kwa wiki 6. Walioviongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliofunzwa mbinu za kuacha pombe walipunguza unywaji kuliko wenzao waliopewa masomo ya kawaida ya afya. Wanaume hao walikuwa na mambo mawili ya kuyataja mbele ya wenzao, virusi na ulevi. Aliyeyaweza hayo hatashindwa kusema kwamba hajamwona mwanawe tangu Pasaka.

Kuna utafiti mwingine ulio karibu zaidi na jambo letu. Ali Giusto na Eve Puffer, wakishirikiana na David Ayuku wa Chuo Kikuu cha Moi, walifundisha akina baba wa kawaida wa Eldoret kuketi na akina baba wenzao ambao pombe ilikuwa inawatenga na watoto wao wakiwa bado nyumba moja. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020, wanaume 9 walianza na 8 wakamaliza. Pombe ilipungua, na muda wao na jamaa ukaongezeka. Utafiti ni mdogo, na wanaume hao walikuwa hawajatengana na familia zao, kwa hiyo siutwishi mzigo usio wake. Unachovunja ni ile imani kwamba baba wa hapa hawezi kufunguka kwa baba mwenzake.

Na hata bila watafiti, ni lini wanaume wa Bonde la Ufa waliacha kukaa? Kokwet, baraza la Wakalenjin, ilikaa chini ya mti ikaamua mambo ya mipaka, ng'ombe na ndoa. Boda boda wana vituo vyao na chama chao cha kuweka akiba. Kilichokosekana ni kikao ambacho jambo linalojadiliwa ni la yule yule anayeketi, na hawezi kulisukumia mwingine.

"Baba asiyemwona mtoto ni yule aliyekataa kutoa pesa."

Hoja hii huletwa na akina mama, na mara nyingi sana ni ya kweli. Ingia Langas au Huruma utawapata wanawake wanaouza mboga tangu alfajiri ili walipe karo ya watoto ambao baba yao anapita barabarani na pikipiki mpya. Kikundi kitakachoanza kwa kukana hilo kitakuwa kimekufa kabla ya kuzaliwa.

Lakini wanaume hawa si wa aina moja. Yupo aliyekimbia. Yupo anayetoa kila mwezi na bado hapewi mtoto. Halafu yupo wa tatu, ambaye ndiye ninayemfikiria ninapoandika haya: yule aliyeanza akitoa, akanyimwa mtoto likizo moja, akakasirika akaacha kutuma, na mama naye kwa kuona pesa zimekatika akafunga mlango kabisa. Kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyeanza. Baba anasema "anipe mtoto ndipo nitoe", mama anasema "leta karo ndipo umwone". Mtoto amekatiwa vyote viwili.

Korti zetu zimesema tena na tena kwamba mambo haya hayategemeani. Matunzo ni haki ya mtoto, na kuonana na mzazi ni haki ya mtoto, wala hakuna mzazi anayeruhusiwa kuzuia moja ili apate nyingine. Sheria hiyo ni nyepesi kuisoma, ila kumwingia mtu mwenye hasira ni kazi. Akiambiwa na mama wa mtoto, anasikia matusi. Akiambiwa na afisa wa watoto, anasema mwanamke ameshaifikia afisi kabla yake. Akiambiwa na mwanamume aliyekaa kando yake, ambaye naye alikata pesa kwa hasira na sasa anajua hakimu alimtazamaje alipoulizwa alichotuma mwaka ule, hapo ana nafasi ya kusikia. Hiyo ndiyo kazi ambayo kikundi kinaiweza na wengine wote hawaiwezi. Na kinaifanya kwa mambo ya kawaida kabisa: lipa karo moja kwa moja kwa nambari ya shule, usifute ujumbe wa M-Pesa, mwandikishe mtoto kama mtegemezi wako kwenye bima ya afya ya SHA, tuma hata mwezi ambao umetukanwa. Anayedhani wanaume wakikutana watasaidiana kukwepa matunzo hajawahi kuona jinsi mwanamume anayelipa anavyomkasirikia asiyelipa.

"Hukulipa mahari, kwa hiyo huna mtoto."

Haya ni maneno ya wakwe, na kwa sheria ya Kenya yamekwisha nguvu. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya kutunzwa na mama na baba, wote kwa wajibu ulio sawa, wawe walioana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa ikisema vingine: mtoto wa wasiooana aliangukia mikononi mwa mama kwanza, baba akawa na wajibu pale tu alipoutafuta au alipoukubali. Mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi alivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Wanaume wengi wanaoushangilia uamuzi huo hawajui kwamba aliyeenda kortini hakuwa baba aliyenyimwa mtoto. Alikuwa mama, pamoja na mtoto wake, wakitaka baba abebe sehemu yake. Mwaka 2016 jaji huyo huyo aliiondoa ile sheria iliyozuia jina la baba asiyeoa kuandikwa kwenye usajili wa mtoto bila idhini yake. Njia iliyompa baba asiyeoa nafasi ndiyo iliyomwondolea pa kujifichia, na sasa Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, imeyajenga hayo ndani yake.

Hata hivyo mila haifutwi na gazeti rasmi la serikali, na mimi sioni sababu ya kuidharau. Mila za hapa hazikuwahi kusema ubaba ni damu tu. Miongoni mwa Wanandi, mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwingine kwa ng'ombe, na watoto waliozaliwa wakawa wa nyumba yake, yeye mwenyewe akihesabiwa baba yao. Aliyewazaa kibayolojia hakuwa na dai lolote. Ubaba ulitangazwa hadharani na kugharamiwa. Wakwe wanaomwambia kijana "huna mtoto hapa" wanasimama juu ya wazo hilo, na jibu linalowafaa halipatikani kwa kuwapigia kelele za Kifungu cha 53 langoni saa mbili usiku. Jibu ni kwenda mchana, na wazee, na kitu mkononi, kusema mbele ya watu kwamba mtoto huyu nitamlea. Kijana wa miaka 24 aliyekulia mjini hajui hata aanzie kwa nani. Kikaoni atampata mtu wa miaka 50 anayejua, na pengine aliye tayari kumsindikiza.

"Korti ni ya akina mama, kwa nini tujisumbue?"

Sasa nawajibu wanaume. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi korti za Kenya zilifuata kanuni kuwa mtoto mdogo hukaa na mamake isipokuwa kuwe na sababu ya pekee, na Mahakama ya Rufaa iliirudia kanuni hiyo mwaka 2016. Lakini Machi 2023 Mahakama ya Juu iliiweka chini ya maslahi ya mtoto, ikaorodhesha mambo ambayo hakimu lazima ayapime: mwenendo wa kila mzazi siku zilizopita, uwezo wake wa kumwongoza mtoto, matakwa ya mtoto anayeweza kuyasema, hali ya nyumba atakayoishi, afya ya akili ya wazazi, haja ya mtoto kubaki na uhusiano na wote wawili. Mwenendo wa siku zilizopita. Yaani zile M-Pesa.

Isitoshe, wengi wanaosema hivi huchanganya mambo mawili. Mtoto kukaa na mama ni kitu kimoja, na baba kumwona mtoto, kujua shule yake, kuulizwa kabla ya upasuaji, ni kitu kingine. Aliyeshindwa la kwanza anaweza kabisa kushinda la pili, na akina baba wanaotembea wakisema "nilinyang'anywa" mara nyingi hawakuwahi hata kuliomba. Ukimuuliza mmoja wao alipeleka ombi lini, utasikia habari za binamu yake wa Kitale.

Tena si lazima kufika kwa hakimu. Afisi ya watoto huwaita wazazi wote wawili na kuandika makubaliano bila wakili. Upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ulioanzia Milimani, Nairobi, mwaka 2016, umekwisha kufika Eldoret. Kasoro ni kwamba njia hizi zote zinataka mwanamume anayeweza kukaa chumba kimoja na mama wa mtoto kwa saa nzima bila kupaza sauti, na ujuzi huo haumshukii mtu asubuhi ya siku yenyewe. Hufanyiwa mazoezi, mbele ya watu wasiomwogopa na wasiomchukia.

"Mtawakusanya wanaume wenye hasira, nao watafundishana kuua."

Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na anayeitoa Eldoret ana makaburi ya kuonyesha. Oktoba 2021 Agnes Tirop, mshindi mara mbili wa shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia, aliuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, mwendo mfupi kutoka hapa. Mumewe alishtakiwa, akakana. Wanariadha wenzake waliunda Tirop's Angels ili wanawake wawe na pa kukimbilia. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa marathoni wa Uganda aliyekuwa amerudi karibuni kutoka Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na mwanamume aliyewahi kuishi naye, akachomwa moto huko Endebess, akitoka kanisani na binti zake. Alifia katika hospitali yetu ya rufaa tarehe 5. Siku chache baadaye mwanamume huyo naye akafia hospitali hiyo hiyo, kwa majeraha ya moto ule ule.

Basi nikubali moja kwa moja kwamba vipo vikundi vya wanaume vinavyochochea. Uingereza, akina baba walioungana kudai watoto wao walijigawa njia mbili. Kikundi kimoja, Families Need Fathers, kimekuwako tangu 1974 na kazi yake kubwa ni kusaidiana na kushauriana. Kingine kilipata umaarufu mwaka 2004 mtu wake alipopanda ukuta wa Kasri la Buckingham amevaa kama Batman. Wa Batman walijaza magazeti. Sina hakika kama mtoto yeyote alipata baba kwa ukuta ule.

Lakini hoja inaposema dawa ni kuwaacha wanaume hawa peke yao, hapo naikataa. Wakati mwanamke anapoondoka, na majuma yanayofuata, ndio wakati wa hatari kubwa, kila anayefanya kazi na waathiriwa wa ukatili wa nyumbani analijua hilo. Mwanamume huyo sasa hivi yuko wapi? Yuko kwenye chang'aa, au chumbani amefunga mlango, anapiga simu ya kumi na tano isiyopokelewa. Hakuna anayejua anachowaza. Mwanamume akisema mbele ya wenzake wanane kwamba leo usiku anaenda huko "kumaliza mambo", wanane wamejua, na mmoja wao anaweza kukaa naye hadi asubuhi wakati mwingine anapiga simu kwa mama na kwa polisi.

Ndiyo maana masharti ya kikao lazima yawe makali kuliko ya chama cha akiba. Mwenye amri ya ulinzi dhidi yake chini ya Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 haambiwi namna ya kuizunguka. Anaambiwa aitii, na kumwona mtoto, kama korti itaruhusu, kuwe mbele ya msimamizi. Siri ya kikao inaishia pale maisha ya mtu yanapotajwa. Mama wa mtoto hasemwi kwa matusi, na jina lake halitolewi nje. Anayekuja kutafuta mashahidi wa kumharibia jina afukuzwe siku hiyo hiyo. Na kiongozi awe na nambari za mashirika ya wanawake kwenye simu yake, ayafahamu na yamfahamu. Kama hakuna shirika la wanawake mjini linaloweza kukisema kikundi chenu vizuri, kifungeni.

Kuna wanaume watakaokataa masharti haya. Wakatae.

"Hiyo ni kazi ya daktari."

Kwa baadhi, ndiyo. Mwenye sonono iliyokomaa au anayetetemeka asipokunywa anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, na kikao kimsindikize hadi mlangoni. Lakini wataalamu wa akili ni wachache mno kumsikiliza kila aliyeachika. Akina mama wajawazito wa magharibi mwa Kenya hawakusubiri wakunga waongezeke. Kupitia Chama cha MamaToto, kilichoanzishwa mwaka 2012 na watu hawa hawa wa AMPATH, walikutana vikundi vikundi wakafundishana, na wengi zaidi wakajifungulia hospitalini. Hakuna aliyesema wanawake hao wamewanyang'anya madaktari kazi.

Wanaume wanaojiua nchini ni wengi kuliko wanawake, na hadi juzi aliyejaribu akaokolewa aliweza kushtakiwa. Ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu ilipotangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume cha Katiba. Kwa hiyo kizazi kizima cha wanaume kilijifunza kwamba kumwambia mtu mwenye cheo "nimefikiria kufa" ni kujipeleka kituoni. Watachukua muda kumwamini daktari. Mwenzao wataanza naye.

"Subiri. Mtoto akikua atamtafuta babake."

Faraja hii hutolewa na wazee, kwa nia njema, na imewapotezea wanaume wengi miaka ambayo hairudi. Wapo watoto waliokuja kumtafuta baba wakiwa na miaka 20. Mara nyingi walikuja na maswali, si na mikono iliyofunguliwa, na swali la kwanza lilikuwa ulikuwa wapi. Mtoto wa miaka minne aliyekaa mwaka mzima bila kuisikia sauti yako hakungojei mahali. Anaendelea kuishi, na nafasi uliyoiacha anaikalia mjomba, babu, au mume mpya wa mama, ambaye pengine ni mtu mwema.

Kwa familia za Kikalenjin kuna tarehe inayoifanya hesabu hii kuwa kali zaidi. Shule zikifungwa Novemba, wavulana hupelekwa jandoni, na mtu fulani lazima asimame kama baba wa kijana: agharamie, apokee wageni, awepo siku ya kutoka. Baba aliyeamua kusubiri atasikia sherehe imefanyika Moiben au Turbo, na kwamba aliyesimama alikuwa kaka wa mama. Hakuna hakimu anayeweza kuirudisha siku hiyo.

Mwenye mtoto wa miaka tisa leo ana Desemba chache tu. Kwa muda huo anaweza kufika afisi ya watoto, kutuma matunzo bila kukatiza, kuomba kumwona mtoto Jumamosi moja kwa mwezi mbele ya shangazi, kukataliwa, kuomba tena, kukubaliwa saa mbili, kuchelewa hata mara moja asichelewe, na kuongezewa hadi siku nzima. Ni kazi ya polepole yenye aibu nyingi ndani yake, na sehemu kubwa ya wanaoianza peke yao huiacha baada ya kukataliwa mara ya kwanza.